Daftari la ndege la miaka ya 1960 limekuangukia: ufanye nini nalo?

Mara nyingi huanza hivi. Mzee amefariki, watoto wanagawana vyombo, na kwenye sanduku la bati lililokaa uvunguni miaka yote yanatoka madaftari sita yaliyojaa tarehe, majina ya ndege na hesabu. Mmoja anasema yachomwe. Mwingine anakumbuka kuwa wewe ndiye yule mwendawazimu wa darubini, anakupigia simu.

La kwanza nililopewa mimi lilitoka kwa mjane wa mwalimu mmoja aliyekuwa akienda kila Jumamosi pale mto Sabaki unapomwagikia baharini, kaskazini ya Malindi. Nililiharibu. Sikulimwagia chai wala mchwa hawakulila. Nililiharibu kwa kulisahihisha. Mwalimu alikuwa ameandika sululu mwezi wa Juni, tena zaidi ya mara moja. Mimi nilijua sululu ni mgeni, huzaliana kaskazini ya mbali na kwetu huja Agosti akaondoka Aprili. Juni anatafuta nini? Nikaamua mzee alikosea mwezi, kwenye jedwali langu "6" ikawa "9", nikasonga mbele. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba sululu wachanga wengi hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Hubaki hapa hapa pwani wakila kaa mpaka wakomae. Mwalimu alikuwa sahihi. Na daftari lenyewe lilikuwa limeshasafiri ng'ambo na mwanawe, picha sikupiga, na sikukumbuka tena ni "6" zipi nilizozigeuza.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: alichoandika mwenye daftari kina safu yake, unachofikiri wewe kina safu yake, na viwili hivyo havilali kitanda kimoja.

Ukiona kazi ni ndefu kwa karatasi chakavu, mkumbuke Wells W. Cooke. Mwaka 1881 aliwaomba watu wa bonde la mto Mississippi, Marekani, wamwandikie tarehe ambazo ndege wahamaji waliwasili na kuondoka. Kadi ziliendelea kumiminika hata baada yake, hadi mpango ulipofungwa mwaka 1970, na zilikuwa zimefika takriban milioni 6. Zikakaa makabatini. Hakuna aliyekuwa na haja nazo, mpaka wanasayansi walipoanza kuuliza kama joto la dunia linawafanya ndege wawahi kurudi kila mwaka, na jibu lilihitaji tarehe za zamani. Kuanzia mwaka 2009 watu wa kujitolea walianza kuzinakili kwenye intaneti. Kadi moja ilisomwa na zaidi ya mtu mmoja ili makosa ya macho yajulikane. Daftari lako ni kadi za namna hiyo, ila zimeshonwa pamoja.

Hatua ya 1: Usilisafishe

Nawa mikono, ikauke, kisha ulifungue juu ya meza safi. Usibandike selotepu palipochanika. Gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Usipeleke kurasa dukani zipigwe plastiki. Pini na klipu zenye kutu ziondoe taratibu, lakini karatasi zilizokuwa zimebanwa pamoja zibaki pamoja. Ukikuta unyoya, tikiti ya basi au bahasha kati ya kurasa, andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kitu hicho kilikuwa kati ya ukurasa upi na upi, kisha ukirudishe kitu hicho palepale. Tikiti ya basi imewahi kuniambia mji ambao mwandishi hakuutaja kurasa nne nzima.

Kama ni bichi kwa unyevu wa pwani, lisianikwe juani. Kivulini, penye upepo, kurasa zikiwa zimeachanishwa kidogo. Subira.

Hatua ya 2: Piga picha kabla hujasoma

Nasema kabla, kwa sababu ukianza kusoma utanogewa na utasahau. Simu yoyote yenye kamera nzuri inatosha. Kaa karibu na dirisha, mwanga uje kwa upande, zima taa ya simu, na uishike simu sambamba na ukurasa. Piga jalada, mgongo wa jalada, kurasa tupu, hesabu za sukari na mafuta ya taa zilizoandikwa nyuma. Ile orodha ya madeni dukani ina tarehe, na tarehe ni mali. Maandishi ya penseli yaliyofifia yapige tena mwanga ukiwa wa chini kabisa, karibu ulale juu ya karatasi. Mifereji midogo iliyoachwa na ncha ya penseli hutoa vivuli, na maneno huonekana.

Yape mafaili majina yanayoeleweka: daftari la ngapi, ukurasa wa ngapi. Weka nakala mahali pawili, na pasiwe simu moja na kadi yake ya kumbukumbu. Simu ikiibwa vyote vimekwenda.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali lenye safu mbili kwa kila jambo

Programu yoyote ya majedwali inafaa. Kila ndege wa kila siku apate mstari wake. Kisha kwa tarehe, mahali, jina la ndege na idadi, weka safu mbilimbili: moja "kama ilivyoandikwa", herufi kwa herufi, makosa ya tahajia yakiwemo; ya pili "ninavyoelewa". Ongeza safu ya namba ya ukurasa, safu ya maoni yako, na safu ya kiwango cha uhakika wako. Mimi hutumia 1, 2 na 3 tu. Ukiweka ngazi kumi utakesha ukijibishana na nafsi yako.

Halafu kuna safu ambayo watu huisahau: nani aliona. Madaftari mengi ya enzi za ukoloni yana jina la bwana kwenye jalada, lakini ukisoma ndani utakuta "fulani ameleta", "fulani anasema alimsikia tena alfajiri". Yule fulani ndiye shahidi. Mwaka 1964 huko Mayau, kaskazini-magharibi mwa Zambia, Jali Makawa, mkusanyaji mahiri wa ndege kutoka Malawi aliyefanya kazi na mtaalamu wa ndege C. W. Benson, alimpata ndege mdogo ambaye mpaka leo anajulikana kwa kielelezo hicho kimoja tu. Ndege huyo aliitwa *Pogoniulus makawai*, kwa heshima ya Makawa. Wengi wa wenzake hawakupata hata mstari mmoja. Ukikuta jina la msaidizi, linakili lote, na jina la kijiji chake kama limetajwa.

Hatua ya 4: Tarehe, na saa zetu

"4/11/71". Kwetu ni tarehe 4 Novemba. Kwa mgeni kutoka Marekani ni Aprili 11. Balaa ni kwamba miezi yote miwili ni ya msafara: Novemba ndege wanashuka kusini, Aprili wanapanda kaskazini, hivyo huwezi kuamua kwa kumtazama ndege peke yake. Tazama majirani. Kama ukurasa uliotangulia una "31/10", mambo yamekwisha, maana hakuna mwezi wa 31. Kama hakuna mwanga, acha safu ya pili wazi. Tundu la wazi halidanganyi mtu.

Saa ndizo zilizowaumbua wengi. Mlinzi wa msitu akiandika "saa 12:30 bundi wawili", anaweza kuwa anasema saa kumi na mbili na nusu asubuhi au jioni, na programu ya kigeni itasoma adhuhuri. Pia kuna waandishi waliochanganya: kwa Kiingereza wanatumia saa za Kizungu, kwa Kiswahili saa zetu, ndani ya ukurasa mmoja. Tafuta maneno kama "jua linatoka", "adhana ya Magharibi", "giza". Ukishagundua desturi ya mwandishi, iandike mwanzoni mwa jedwali lako ili anayekuja baadaye asianze upya.

Madaftari ya pwani huweza pia kuwa na tarehe za Kiislamu, au kutaja msimu tu: "mwanzo wa kaskazi", "kusi limekolea". Nakili hivyo hivyo. Upepo wa kaskazi na ndege wa Ulaya na Asia hutufikia karibu wakati mmoja, kwa hiyo maneno hayo yana uzito hata kama hayana siku.

Hatua ya 5: Mahali

Majina ya zamani yatakutoa jasho kidogo. Ziwa Rudolf ni Turkana tangu mwaka 1975. Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu. Ukishuka kwenye vitabu vya Wajerumani, Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, na Bismarckburg ni Kasanga kule Ziwa Tanganyika. Upande wa Kongo, Albertville ni Kalemie. Hayo ni mepesi. Ramani za zamani zinayatatua.

Magumu ni majina ambayo hayakubadilika ila yako mengi. Mbuyuni ziko ngapi? Kisiwani je? Hapa fuata safari: mtu aliyelala Voi jana na yuko Taveta kesho hakuwa Mbuyuni ya Iringa leo. Ukiweka alama kwenye ramani, sema pia unaweza kuwa umekosea kwa kilomita ngapi. Alama isiyo na kadirio la kosa humfanya msomaji aamini kwamba ndege alikaa juu ya mti ule hasa. Na kumbuka waandishi wa zamani walipima kwa maili na futi. Futi 5,000 ni mita 1,524, si mita 5,000.

Hatua ya 6: Majina ya ndege

Hapa chemsha chai ya pili.

Tuanze na ya kwetu. Mwandishi akisema "korongo 40 shambani", amesema nini? Kuna korongo mweupe anayetoka Ulaya, kuna yule mweusi mdogo anayefuata mvua humuhumu Afrika, na kuna mahali ambapo watu humwita korongo hata yule mwenye taji ambaye haendi popote. Mmoja ni habari ya safari ya maelfu ya kilomita, mwingine ni jirani. "Mbayuwayu" nalo hubeba ndege wa jamii mbili tofauti kabisa, wale wanaotua kwenye nyaya za umeme na wale ambao hawatui wayani hata siku moja. "Kitwitwi" ni karibu kila mwenye miguu myembamba anayekimbia ufukweni. "Mwewe" ni yeyote aliyewahi kuiba kifaranga. Usimtafsirie mwandishi upesi. Soma daftari zima kwanza. Huenda ukurasa wa 50 ameandika "korongo, wale wenye mdomo mwekundu", ukapata ufunguo wa kurasa zote.

Majina ya Kiingereza na ya kisayansi nayo hayakutulia. Mifano mitatu ambayo utakutana nayo tu, ukitaka usitake:

Tai. Zamani tai anayeishi hapa, *Aquila rapax*, na tai anayetoka nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, *Aquila nipalensis*, walihesabiwa kuwa spishi moja. Kwa hiyo "Tawny Eagle" ya mwaka 1958 inaweza kuwa yeyote kati yao. Tai sitini wakila kumbikumbi pamoja mwezi Novemba baada ya mvua? Nafikiri wageni. Lakini "nafikiri" inakaa safu ya pili.

Kipanga wa Amur. Huyu huvuka Bahari ya Hindi akitokea India, akapita kwetu kuelekea kusini, na Aprili hurudi. Vitabu vya zamani vilimfanya tawi la *Falco vespertinus*, na waandishi wengi walifupisha wakasema "Red-footed". Ukichukua jina hilo ukaliingiza kama lilivyo kwenye orodha ya leo, umeijaza Kenya makundi ya ndege ambaye kwa kweli hapa ni nadra.

Wa tatu ni mdogo wa rangi ya udongo, *Acrocephalus griseldis*, anayezaliana kwenye mabwawa ya Iraki na kuja Afrika Mashariki. Alikuwa akiwekwa ndani ya *Acrocephalus arundinaceus*. Sasa yuko hatarini kutoweka, na kila kumbukumbu yake ya zamani inatafutwa. Bahati mbaya, kwa macho tu ni vigumu kumtofautisha. Kama mwandishi hakumshika mkononi akampima, mwache kwenye jina alilopewa.

Kuhusu kushikwa mkononi: ukikuta neno "Ngulia", ongeza umakini. Ni hoteli iliyo juu ya ukingo wa mlima ndani ya Tsavo Magharibi. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba, taa zake huwavuta wahamaji kwa maelfu, na tangu mwaka 1969 wapiga pete wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu, kuwapima, kuwavisha pete na kuwaachia. Kumbukumbu za Ngulia zina namba ya pete, urefu wa bawa na uzito. Ukikuta tarakimu zisizoeleweka kando ya jina la ndege, kama "68" na "11.4", usizitupe: huenda ni milimita na gramu.

Hatua ya 7: Hesabu, na kimya

"Wengi" iandike "wengi". Usiigeuze 50. "c. 200" ibaki na ile "c" yake.

Kazi kubwa ni kuelewa kimya. Daftari halitaji shomoro, je, hawakuwepo? Walikuwepo tele, na ndiyo sababu hawakutajwa. Watu huandika cha ajabu, cha kila siku hukiruka. Basi gawa siku za daftari makundi mawili: siku ambazo mwandishi aliorodhesha kila kitu, mpaka kunguru, na siku alizoandika alichokipenda. Kwenye kundi la kwanza tu ndipo kukosekana kwa ndege kunaweza kusema jambo.

Na tahadhari kwa mwenye hamu ya kuchora grafu ya "mbayuwayu wa kwanza kila mwaka". Tarehe ya kwanza hutegemea sana idadi ya macho yaliyokuwa yakitazama. Mwalimu wangu wa Sabaki alitoka Jumamosi tu. Alipostaafu akaanza kutoka kila siku, na ghafla ndege wote "wakawahi" kufika. Hawakuwahi. Hakuwa na vipindi vya kufundisha. Kwa hiyo hesabu pia siku alizotoka, pamoja na alizorudi mikono mitupu.

Hatua ya 8: Mtilie shaka, ila kwa ushahidi

Wapo waliodanganya. Richard Meinertzhagen, yule afisa wa Kiingereza aliyemuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, mwaka 1905, alijulikana pia kama bingwa wa ndege, na alikabidhi jumba la makumbusho la Uingereza ngozi za ndege zipatazo 20,000. Baada ya kifo chake iligundulika kuwa nyingi alikuwa ameziiba, hata kutoka jumba lilelile, akazibandika lebo mpya zenye mahali na tarehe za uongo. Bundi mmoja wa India alitafutwa miaka mingi mahali ambapo hakuwahi kuishi kwa sababu ya lebo yake. Mtaalamu wa ndege Pamela Rasmussen na wenzake waliiweka kando lebo hiyo, wakafuata kumbukumbu nyingine za zamani, na Novemba 1997 wakamkuta bundi akiwa hai.

Mwenye daftari lako pengine si Meinertzhagen. Lakini tazama kama wino na mwandiko vinabadilika katikati ya ukurasa, kama maajabu yote yanatokea akiwa peke yake, kama siku moja yuko Mombasa na Kisumu kwa pamoja. Andika shaka yako kwenye maoni. Usifute mstari.

Hatua ya 9: Linganisha

Chama cha wapenzi wa viumbe vya asili kilichoundwa Nairobi mwaka 1909, ambacho leo tunakiita Nature Kenya, kilianza kuchapisha jarida lake mwaka uliofuata, na matoleo ya zamani yanasomwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Tafuta kama mwandishi wako aliwahi kutuma habari huko; mara nyingine utakuta tukio lilelile limeandikwa kwa urefu. Kwa Kenya kuna pia atlasi ya ndege ya Lewis na Pomeroy ya mwaka 1989, iliyogawa nchi kwa miraba ya nusu digrii, na Kenya Bird Map iliyoanza mwaka 2013, ambayo miraba yake ni midogo, takriban kilomita 9 kila upande. Ndege aliyekuwa kila mahali kwenye daftari na atlasi, lakini hayupo kwenye miraba ya leo, ndiye wa kumpigia simu mtu.

Hatua ya 10: Liende wapi

Kwanza ruhusa. Daftari ni la familia. Eleza unachotaka kufanya, na uulize kama kuna mambo ya nyumbani yasiyofaa kutoka nje. Sehemu za viota vya tai na bundi adimu usizitangaze hata kama ni za zamani, maana tai huweza kurudia kiota kimoja miaka na miaka.

Data unaweza kuiingiza eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege. Fungua akaunti maalumu kwa ajili ya mwandishi ili orodha zake zisichanganyike na zako. Orodha moja iwe ya siku moja na mahali pamoja. Kama hujui alitembea muda gani, chagua aina inayoitwa Historical. Idadi isiyojulikana ni "X". Ukiulizwa kama hao ndio ndege wote aliowatambua, jibu hapana isipokuwa siku ni ya lile kundi la kwanza. Mhakiki atakuandikia akiona ndege wa ajabu. Mpelekee picha ya ukurasa. Jedwali lenye safu mbilimbili lihifadhi kando kwa ukamilifu wake, kwa kuwa eBird inachukua tafsiri yako tu.

Daftari lenyewe, kama familia imekubali, lipelekwe penye kabati na mtu wa kulitunza: kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa Nairobi kwa Kenya, au hifadhi ya nyaraka ya nchi mlipo. Dai risiti ya makabidhiano yenye idadi ya madaftari na kurasa.

Kabla ya kulifunga, papasa mfuko wa jalada la nyuma. Huko ndiko watu walikoweka pete. Ni kipande cha aluminiamu chepesi chenye namba na anwani fupi, MOSKWA, HELSINKI, RADOLFZELL au nyingine, kilichotolewa kwenye mguu wa ndege aliyekufa shambani au kuletwa na watoto. Usiinyooshe kwa nguvu, huvunjika penye namba. Isugue polepole kwa kitambaa, inakili kila herufi na kila tarakimu, ipige picha pande zote, kisha utume taarifa kwa kituo kilichotajwa, hata kama pete ina miaka sitini. Kwenye taarifa andika mahali, tarehe na aliyeileta, na kama daftari halisemi, andika kuwa halisemi.